Jukwaa Lililoteketea: Sanaa za Maonyesho Nje ya Ukumbi katika Mwambao wa Kiunga na Visiwa vya Lamu

Historia ya tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya aghalabu huanzwa na jumba. Wasimulizi wake hutaja kwanza Jumba la Michezo la Taifa lililofunguliwa mjini Nairobi mwaka 1952, kisha huifuata michezo ya shuleni iliyochapishwa katika miaka iliyofuata: Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu za Graham Hyslop, na Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, zote za mwaka 1957. Kutoka hapo huvuka mpaka hadi Dar es Salaam, wakafika kwenye Kinjeketile ya Ebrahim Hussein mwaka 1969, na safari huhesabiwa kuwa imekamilika. Mpangilio huo una manufaa yake. Una vitabu vya kushika mkononi, una miaka, una majina ya waandishi. Kasoro yake ni kwamba huanzia mahali palipojengwa makusudi kwa ajili ya mchezo, na kwa hiyo humfanya msomaji adhani kwamba pasipo na pazia na viti vilivyopangwa safu hapakuwa na mchezo wowote.

Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo kutoka upande wa pili, yaani kutoka mwambao wa Kiunga, kaskazini ya visiwa vya Lamu na karibu kabisa na mpaka wa Somalia. Katika mwambao huo hapakujengwa jumba la michezo la namna ya lile la Nairobi. Hata hivyo ni nchi yenye maonyesho ya kale, na maonyesho hayo yalifanyika mahali ambapo mwanafunzi wa tamthilia asingefikiri kupatafuta: katika msitu uliofyekwa, mbele ya mlango wa gereza, na katika vichochoro vya mji.

Wenyeji wa Kiunga ni Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, na lahaja yao ni Kitikuu. Stigand aliitolea lahaja hiyo maelezo katika kitabu chake cha mwaka 1915 kuhusu mabadiliko ya lahaja za Kiswahili. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa linatokana na nti kuu, yaani nchi kubwa, bara iliyo mkabala na visiwa. Ufafanuzi huo unafaa kukumbukwa, kwa sababu Mbajuni amejulikana zaidi katika vitabu kama mtu wa bahari: mjenzi wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, na mvuvi aliyemfunga samaki aitwaye taza kwa uzi ili amnasie kasa. Sifa hizo ni za haki. Lakini jina lake lamtaja kwa ardhi, na katika ardhi hiyo ndimo ilimokuwamo vave.

Vave ni utungo wa wakulima wa Kibajuni. Kilimo chao kilikuwa cha kufyeka na kuchoma: msitu hufyekwa wakati wa kiangazi, miti na vichaka huachwa vikauke, kisha hutiwa moto kabla ya mvua za masika kuanguka. Usiku unaotangulia kuchoma ndio usiku wa vave. Watu hukusanyika pale pale shambani, wakaimba na kupokezana usiku, na asubuhi moto huwashwa. Kwa mwenye kuzoea kuigawa fasihi kwa vitabu, hapo pana wimbo wa kazi tu. Lakini jambo hilo likitazamwa kwa jicho la mtu wa maonyesho, mambo mengine hujitokeza. Pana wakati maalumu ambao hauwezi kusogezwa, kwa kuwa mvua haingoji. Pana hadhira ambayo haikuja kuangalia kazi ya wengine. Kila aliyehudhuria ana jembe lake na njaa yake katika matokeo ya kesho. Tena pana mahali ambapo pamegeuzwa kwa mikono ya watu wenyewe kutoka msitu kuwa uwanja, na ambapo ni karibu kugeuzwa tena kuwa shamba. Uwanja huo huishi usiku mmoja. Kulipopambazuka, jukwaa lilitiwa moto na wale wale waliokuwa wakiimba juu yake.

Ni vigumu kupata katika maandishi ya tamthilia ya ulimwengu mfano ulio wazi kuliko huo wa onyesho lisiloweza kutenganishwa na mahali pake. Ukumbi wa Nairobi waweza kupokea leo mchezo wa Shakespeare na kesho kutwa mkutano wa chama cha ushirika. Shamba la vave lapokea vave peke yake.

Ajabu ni kwamba utaalamu wa Kiswahili umeipokea vave kwa jina na kuiacha kwa maana. Kamusi za Kiswahili zina neno wawe, ambalo ni neno hilo hilo kwa matamshi mengine, na hulifasiri kwa ufupi kuwa ni wimbo wa wakulima. Uainishaji wa tanzu za fasihi simulizi alioutoa M. M. Mulokozi katika jarida la Mulika mwaka 1989, ambao umefundishwa sana vyuoni, uligawa fasihi hiyo katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Katika mgawanyo wa namna hiyo nyimbo za kazi huenda upande wa ushairi, na maigizo hubaki na michezo ambayo ndani yake mtu hujifanya mtu mwingine. Haifai kumlaumu mwainishaji kwa kuainisha. Bila ya hivyo hakuna somo. Isitoshe, Mulokozi mwenyewe katika makala hayo alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungwa na fanani, hadhira, mahali na wakati. Waliomfuata waliichukua orodha ya tanzu wakaliacha sisitizo hilo, na hapo ndipo vave ilipopotea. Imebaki katika orodha kama aina ya wimbo, pasipo shamba, pasipo usiku na pasipo moto.

Mfano wa pili ni wa kale zaidi, nao unatoka Pate. Habari za Fumo Liyongo zinajulikana kwa kila mwanafunzi wa ushairi. Edward Steere alizichapa katika mkusanyo wake wa hadithi wa mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utendi ulioandikwa mwaka 1913. Wataalamu wamebishana sana kuhusu karne aliyoishi shujaa huyo, na ubishi huo haujafikia mwisho. Walichokiacha bila kukibishania ni kile kisa cha gerezani, ambacho kwa mtu wa maonyesho ni kiini cha hadithi nzima.

Liyongo amefungwa, na hukumu yake ni kifo. Mamaye humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, lakini walinzi hukila kilicho kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Basi Liyongo humwagiza mamaye kwa mafumbo ya shairi, ambayo walinzi huyasikia wasiyaelewe, amwokee mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi wanaudharau mkate huo na kumpa mwenyewe. Kisha Liyongo anaomba jambo la mwisho kabla ya kufa: achezewe gungu na mwao. Anawafundisha watu nyimbo, ngoma na matuazi hupigwa, mji mzima unakusanyika nje ya gereza, na katika kishindo hicho yeye ndani anakata minyororo kwa tupa. Kelele za mchezo zinafunika sauti ya chuma. Akiisha kujifungua, hutoka, na watu hukimbia.

Yafaa kuangalia jinsi mchezo huo ulivyopangwa. Mtunzi na mfunzi wake ni mfungwa. Ukumbi ni kuta za gereza, na kuta hizo zimegawa mchezo katika sehemu mbili: ile inayoonekana nje, ambayo waimbaji wanaijua, na ile isiyoonekana ndani, ambayo ni mtunzi tu aijuaye. Waigizaji wa nje hawajui kwamba wanaigiza. Wanadhani wanamuaga mtu anayekufa, kumbe wanafanya kazi ya kumfungua. Wataalamu wa tamthilia wa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1960 na 1970 walijisifu kwa kuuvunja ukuta baina ya mchezaji na mtazamaji. Katika kisa cha Pate ukuta umeachwa usimame, na kusimama kwake ndiko kunakofanya kazi. Kwamba kisa hicho kimesomwa kwa miaka mingi kama habari ya ushujaa na kama hifadhi ya mashairi ya kale, bila ya kutajwa katika historia ya sanaa za maonyesho, ni ushahidi mwingine wa nguvu ya jumba katika fikra za wasomi.

Kijumwa aliyeutunga utendi huo alikuwa na sababu ya kukielewa kisa. Alikuwa mwandishi wa khati nzuri na mchongaji wa milango, lakini vilevile alikuwa mtu wa vinanda na ngoma, katika mji ambao mitaa yake miwili, Mkomani na Langoni, ilikuwa na mazoea ya kushindana kwa mchezo. Mashindano ya beni yaliyoenea pwani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo Terence Ranger aliyaandikia kitabu mwaka 1975, yalipata Lamu kuni zilizokwisha kukauka. Gwaride, vyeo vya kijeshi na tarumbeta vilitembezwa katika vichochoro ambavyo watu wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Wanawake nao walikuwa na vugo, wakipita njiani katika siku za harusi wakigonga pembe na kuimba. Habari za beni zimekwisha kuandikwa vya kutosha na hazihitaji kurudiwa hapa, ila kwa neno moja: kichochoro cha Lamu hakiruhusu mtazamaji asimame mbali. Anayetazama huguswa na nguo ya anayecheza.

Mintarafu ya vikaragosi, ushahidi wa lugha ni wa ajabu kidogo. Kiswahili kina neno karagosi, nalo latokana na Karagöz, jina la mhusika wa mchezo wa vivuli wa Waturuki, aliyechezwa nyuma ya pazia la nguo hasa katika usiku wa Ramadhani. Neno lilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mchezo wenyewe haukuota mizizi. Mswahili alipata jina la sanamu inayochezeshwa akalitumia kwa mtu mwenye kuchezeshwa na wengine, kama alivyolitumia neno kibaraka, na hapo akatosheka. Jibu lipatikanalo kwa haraka ni kwamba dini ilikataza sanamu. Jibu hilo halitoshi. Waturuki ni Waislamu, na Cairo ya karne ya 13 ilikuwa na Ibn Daniyal, tabibu wa macho aliyeandika michezo ya vivuli iliyojaa ukaidi. Na Java, ambako Uislamu umeenea, wayang imeishi karne nyingi. Yamkini sababu iko kwingine: pwani ya Lamu ilikwisha kupata njia nyingine ya kusema jambo bila ya msemaji kushikwa nalo. Njia hiyo ilikuwa fumbo. Liyongo hakuhitaji sanamu ya kumsemea mbele ya walinzi. Alikuwa na shairi. Penye ufundi wa kuficha maana ndani ya neno, haja ya kumficha msemaji nyuma ya pazia hupungua.

Mwaka 1963 mambo mawili yalitokea katika pande mbili za dunia, bila ya uhusiano wowote. Mjini New York, Peter Schumann alianzisha kundi la Bread and Puppet, ambalo lilitoa vikaragosi vikubwa kuliko watu mabarabarani na, baadaye, katika mashamba ya Vermont, na kugawa mkate kwa watazamaji. Kundi hilo limeandikiwa vitabu na tasnifu, na wanafunzi wa Afrika Mashariki husoma habari zake kama mfano wa sanaa iliyothubutu kutoka nje ya ukumbi. Mwaka huo huo Kenya ilipata uhuru, na kabla mwezi wa Desemba haujaisha hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa wa Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta, vilivyoendelea hadi mapatano ya mwaka 1967, vilishuka mpaka pwani. Wabajuni wa bara waliviacha vijiji na mashamba yao wakakimbilia visiwani, Lamu, Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi.

Hasara hiyo imehesabiwa kwa nyumba na kwa mali. Haikuhesabiwa kwa lugha. Mvuvi aliyehamia Mombasa aliweza kuendelea kuvua, na maneno ya bahari yakaendelea kuwa na kazi. Mkulima wa kufyeka na kuchoma hakupata msitu wa kufyeka katika mtaa wa mji. Kwa hiyo usiku wa vave ulikoma kwake kuwa jambo linalorudi kila mwaka, na msamiati wa Kitikuu uliofungamana nao, yaani majina ya hatua za kazi, ya miti, ya namna za moto, ulibaki kwa wazee waliokwisha kuujua na haukupata njia ya kuwafikia wajukuu. Utungo ulioandikwa karatasini waweza kuhamishwa pamoja na mwenye nyumba. Utungo ambao karatasi yake ni msitu hauhamishiki. Baada ya hapo mwambao huo haukupata utulivu wa kudumu. Kuvunjika kwa serikali ya Somalia mwaka 1991, kuingia kwa majeshi ya Kenya nchini humo mwezi wa Oktoba 2011, na operesheni ya Linda Boni iliyoanzishwa Septemba 2015 katika msitu wa Boni, kila moja ilipunguza tena nafasi ya mtu wa Kiunga kuingia msituni mwake kwa amani.

Kisa cha Kamirithu, Limuru, hutajwa kila yanapozungumzwa maonyesho ya nje ya ukumbi nchini Kenya, na ni haki kutajwa. Wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho walijenga wenyewe uwanja wa wazi, na tarehe 2 Oktoba 1977 wakautoa mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji waliwasahihisha waandishi lugha. Kibali kilifutwa tarehe 16 Novemba mwaka huo. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Kundi lilipojaribu tena mwaka 1982 kwa mchezo wa Maitu Njugira, milango ya Jumba la Taifa ilifungwa mbele yao, na tarehe 12 Machi uwanja wa Kamirithu ukabomolewa na polisi. Kwa hiyo Kenya ina majukwaa mawili ya wakulima yaliyopotea. La Limuru lilibomolewa kwa amri, mchana, na dunia ikapiga kelele. La Kiunga lilipotea miaka kumi na tano na zaidi kabla yake, kidogo kidogo, na hapakuwa na mwandishi wa kulililia kwa sababu hapakuwa na aliyejua kwamba lilikuwa jukwaa.

Wakati huo huo vyuo vikuu vilikuwa vimeanza kutoka nje. Makerere ilikuwa na kundi lake la kusafiri tangu mwaka 1965, na Nairobi ikafuata mwaka 1974. Hussein, katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi za mwaka 1976, alijaribu kumrudishia mtambaji peke yake kazi yote ya jukwaa, na jaribio hilo ni la maana zaidi kuliko wingi wa wachambuzi walivyolitambua. Tanzania ikaja na sanaa za maonyesho za jamii. Mradi wa Malya wa mwaka 1982 na 1983, ambao Penina Mlama na wenzake waliusimamia, uliketi na wanakijiji kwanza na kuwauliza mchezo uhusu nini. Katikati ya miaka ya 1990 vikaragosi navyo vilifika Kenya kwa nguvu, vikifuata mfano wa Puppets Against AIDS wa Afrika Kusini wa mwaka 1987. Wachezaji waliofunzwa walivipeleka sokoni, shuleni na magerezani kufundisha habari za ukimwi na uzazi wa mpango. Karagosi aliweza kutamka hadharani maneno ya mwili ambayo mtu mzima mwenye heshima zake asingeyatamka mbele ya wakwe.

Faida ya kazi hiyo haina shaka. Tofauti yake na vave, hata hivyo, yastahili kuonwa wazi. Kikaragosi cha afya huja na ujumbe uliokwisha kuamuliwa penginepo, na soko ni mahali pa kukutia watu wengi. Kesho kitachezwa katika soko jingine kwa maneno yale yale. Malya ilijaribu kuliepuka jambo hilo na kwa kiasi fulani ikafaulu, lakini hata huko watafiti ndio waliofika na ndio walioondoka. Vave haikuletwa na mtu, na haikuwa na ujumbe kwa wasiohudhuria.

Miongoni mwa kazi zilizobaki kwa idara za lugha, basi, ni kuirekodi vave upya wakati wapo wazee wanaoikumbuka, Lamu, Mombasa na huko Kiunga kwenyewe. Nyimbo zake kadhaa zimekwisha kunukuliwa na wapenzi wa ushairi wa kaskazini, na maneno hayo ni akiba. Kinachokosekana ni maelezo ya usiku wenyewe: watu walikaa upande gani wa shamba, mpepo ulitazamwaje, nani alianza na nani alipokea, wanawake walikuwa wapi, kazi gani ilifanywa baina ya utungo mmoja na mwingine, na ni nani aliyeushika mwenge kulipopambazuka. Mtafiti afikaye sebuleni mwa mzee na kinasa sauti chake, akaomba aimbiwe, atapewa wimbo. Akimwomba kwanza amchoree chini kwa kijiti lile shamba lake la mwisho, lilikokuwa, na njia iliyoelekea huko kutoka kijijini, yaelekea mzee ataanza kuimba bila ya kuombwa.